Dakika Nilizozikata

Nilifuta sehemu kubwa ya video ya marehemu baba yangu, kisha nikautupa ukanda wenyewe. Hakuna aliyenituma. Nilidhani ninauokoa.

Ulikuwa ukanda wa VHS, aliourekodi Kisangani katikati ya miaka ya 80, siku ya defile, yaani gwaride, ya 24 Novemba. Vijana wengi hawaijui tena sikukuu hiyo. Ilikuwa kumbukumbu ya Mobutu kutwaa madaraka mwaka 1965, na watu walitoka Makiso, Mangobo, Kabondo, hata Lubunga ng'ambo ya mto, kuja kupita au kutazama. Wanafunzi walipita kwa mashati meupe, kina mama kwa vitenge vyenye picha ya Rais, wanaume kwa abakosi, koti lisilo na tai, maana suti na tai zilikuwa marufuku. Vikundi vya animasyo vilicheza vikiimba sifa za MPR, chama cha Mobutu, chini ya bendera ya kijani yenye mwenge. Mwaka 1997 sikukuu hiyo na bendera hiyo viliondoka, pamoja na jina la nchi la Zaire. Defile kubwa tunayoijua leo ni ya 30 Juni, siku ya uhuru.

Baba alipofariki niliukuta ukanda umeota ukungu. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, unyevu hauishi, na kanda hazistahimili unyevu. Nikaazima mashine, nikanakili kwenye kompyuta, nikaanza kupunguza. Nilimwacha mama kando ya barabara amemshika dada mkono, baba mdogo akipunga, sisi watoto. Safu za wanafunzi niliziona ndefu mno. Nikazikata. Animasyo niliifuta kwa aibu: sikutaka nyumbani kwangu picha za majirani wakimchezea dikteta. Sikujiuliza kama walikuwa na uwezo wa kukataa. Nilipomaliza, nikaona ukanda hauna kazi tena.

Baadaye niliwaita majirani waitazame video iliyobaki. Mama mmoja wa makamo ya mama yangu alivuta kiti karibu na televisheni, akatazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wanafunzi, mwanangu? Hawapiti?"

Mwanawe wa kwanza alikuwa mbele ya safu, amebeba kibao cha jina la shule. Mama huyo alijua, kwa kuwa baba aliwahi kumwonyesha. Hapo nikakikumbuka kibao. Nilikuwa nimekiona vizuri. Nilikata mahali kilipoanza kuingia kwenye picha, kwa sababu ndipo familia yangu ilipotoka. Nilikitumia kama alama ya pa kukatia.

Nikamwambia, "Mama, safu zao nilizikata mimi." Akasema, basi ukanda upo. Nikamjibu kwamba niliutupa. Hakunigombeza. Aliaga, akaenda kwake.

Kijana yule alikufa kwa ugonjwa miaka ya 90. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba yao Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku 6 ndani ya mji wetu. Mama huyo hana picha nyingine ya mwanawe.

Nilimkosea na baba pia. Hakwenda barabarani na kamera kutupiga picha sisi. Sisi alikuwa nasi kila siku. Alikwenda kuwapiga wanaopita. Ukungu nao haukuwa sababu ya kutupa, kwa kuwa ukanda wenye ukungu husafishwa.

Kama kwenu kuna ukanda wa namna hii, unakili wote, na wenyewe uuweke pakavu. Waite wazee wa mtaa wautazame kabla hujaamua nani ni mgeni. Na ukiwa na video ya 24 Novemba ya Kisangani ya miaka ile, ukamwona kijana wa shati jeupe aliyebeba kibao mbele ya safu, tafadhali ilete. Mama yake bado yuko Mangobo.