Ngome Iliyoshindwa na Kiu

Msomaji, ukibahatika kufika Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, huna haja ya kuuliza ngome iko wapi. Inua macho tu. Imekaa juu ya mwamba mweusi wa volkano iliyozimika zamani za kale. Pande tatu ni magenge matupu. Njia ya kupandia iko mashariki.

Nilipanda asubuhi nikihema, upepo ukinipiga usoni. Usisahau koti zito! Ndani utaona kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, lililojengwa karne ya 12, ambalo ndilo jengo kongwe zaidi mjini humo. Utaona pia Mons Meg, mzinga mkubwa ajabu aliopewa Mfalme James wa Pili mwaka 1457. Kisha utachungulia chumba kidogo ambamo Malkia Mary alimzaa mwanawe James, mwaka 1566. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kutawala Scotland na Uingereza pamoja kuanzia 1603.

Saa saba kamili mchana mzinga ulilia, nami nikaruka! Watu wakanicheka. Desturi hiyo ilianza mwaka 1861 ili mabaharia warekebishe saa zao. Jumapili haulizwi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kisima. Mwaka 1571 wafuasi wa Mary walijifungia humo, wakazingirwa na maadui. Walistahimili hadi Mei 1573, mizinga iliyoletwa kutoka Uingereza ilipoangusha Mnara wa David. Kifusi kikaziba kisima. Haikuchukua siku nyingi wakasalimu amri. Mwamba ulikuwa pale pale, lakini nani atapigana na koo limekauka?

Nilisimama pale nikaona haya. Kwetu Makueni nilikuwa nikijenga nyumba. Fedha kidogo nilizokuwa nazo nilikuwa nimepanga kuzimalizia kwenye ua wa mawe na lango la chuma, tangi la maji lingoje mwaka mwingine. Mama alinisihi nianze na tangi. Nilimpuuza, ingawa ni yeye aendaye mtoni na punda kila alfajiri.

Kabla ya kuteremka nilinunua postikadi yenye picha ya ngome. Nikaandika maneno machache tu: "Mama, tangi kwanza. Lango litangoja."