Binti wa Lusewa na Farasi wa Unguja: Video Ilitrendi, Wateja Wakakimbia!

Watu wa nguvu, eleweni kitu kimoja kwanza. Laiki siyo pesa. Kuna biashara kibao hapa Bongo zina wafuasi wa kujaza uwanja wa mpira, na mwisho wa mwezi kodi ya fremu haijalipwa. Stori ya leo ni ya binti mmoja ambaye kazi yake ni kuposti farasi. Ndiyo, farasi! Jina kapuni, bosi wake naye kapuni, na staa aliyesababisha yote haya msihangaike kumtaja hapo chini.

Binti ni mzaliwa wa Lusewa, ndani ndani huko wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma. Wazee wa kule mpaka leo wakiulizwa wanatoka wapi wanajibu "Songea", maana Namtumbo imekuwa wilaya mwaka 2002 tu. Kwao ni mahindi, tumbaku, ufuta, na tembo wanaopita kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji. Farasi hakuna. Na siyo kwamba watu hawawapendi, ni mbung'o. Yule mdudu anabeba ugonjwa wa nagana, na farasi akiupata hana ujanja, anakonda mpaka anakufa. Kwa hiyo binti kamaliza form four akiwa amewaona farasi kwenye vitabu na kwenye tamthilia za Kituruki, basi.

Maisha yakambana, akapanda basi hadi Dar, akavuka maji kwenda Unguja kutafuta riziki. Huko pwani ya mashariki akakuta farasi wanatembea ufukweni na wazungu mgongoni. Akashangaa, hawa wanaishije?

Wengi hawajui, hata Unguja ilikuwa na mbung'o. Kuanzia 1994 wataalamu wakafuga mbung'o Tanga, madume wakapigwa mionzi ili wasizalishe, wakawa wanamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Yalimwagwa mamilioni. Majike wakapanda na madume yale, uzazi ukawa bure, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o tena. Kwa hiyo ukiona mtu anajirekodi juu ya farasi pale Unguja jua linazama, ujue kuna watu wa maabara walitoka jasho kabla yake.

Sasa kazi. Bosi alimkabidhi simu, bando la mwezi na sentensi moja: "Nataka tutrendi." Binti naye hakulaza damu. Akaposti kama anavyoposti kila mtu: machweo, mrembo kavaa gauni jeupe, muziki laini, farasi anakanyaga maji taratibu. Watazamaji wakaja kweli, ila ukifungua inboksi ni "mambo mrembo" na "huyo dada anaitwa nani". Wa kuuliza bei hata kidogo! Farasi wenyewe hakuna aliyewauliza jina.

Kulikuwa na mzee mmoja pale zizini, Mzanzibari, mtunza farasi wa siku nyingi. Binti anamwita Ami. Kila video ilipokuwa inarekodiwa, Ami alikuwa anaambiwa asogee pembeni asionekane. Ndiye anayewaamsha, anayewapa majani na maji, anayekagua kwato na kujua nani ana tumbo linalosumbua. Kwenye ukurasa wa biashara alikuwa hayupo kabisa.

Ndipo siku moja akatua staa. Kaja na timu yake, saa saba mchana, jua la kupasua mawe. Anataka apande na mpenzi wake, wawili juu ya farasi mmoja, wakimbie ndani ya maji, na irudiwe mpaka ipatikane kali. Ami akasema hapana, farasi jike waliyemchagua ni mzee na mgongo haujakaa sawa. Bosi akajibu kwa methali ambayo kila Mbongo anaijua, bora punda afe mzigo ufike. Wakapanda. Wakarudia mara nyingi mpaka yule mnyama akajikwaa. Bosi akaagiza kipande cha kujikwaa kikatwe, video ikapandishwa jioni.

Mwanangu, ilitrendi si mchezo! Kurasa za udaku zikaibeba, wafuasi wakamiminika, bosi akanunulia watu soda.

Kesho yake ikaingia komenti moja ya mtu anayejua farasi. Hakutukana, aliuliza tu: kwa nini masikio yamelala nyuma, kwa nini pua zimepanuka vile, na ile alama chini ya tandiko ni kidonda? Watu wakarudi kuitazama upya. Waliokuwa wanaandika "couple goals" wakaanza kuandika "mnaua mnyama". Waongoza watalii wawili wakasimamisha kuleta wageni. Ile kiki ya bure ikageuka shubiri.

Bosi akatoa amri: futa komenti zote, mpige bloku yule mtu, tupia video mpya ya machweo. Akaongeza kwamba binti akishindwa, Lusewa anaijua njia yake. Kumbukeni huyu ndiye anayemtumia mama yake hela ya mbolea. Hana cheti cha masoko wala mjomba serikalini. Hiyo kazi ndiyo kila kitu alicho nacho.

Akaenda kukaa zizini na Ami. Mzee akamwambia, "Mwanangu, mnyama hana mdomo wa kusema, lakini masikio anayo. Wewe unayo simu. Waoneshe masikio." Akamwelekeza: masikio mbele, yuko sawa, yakilala nyuma kabisa kwenye shingo, ana hasira au anaumia.

Binti akarudi kwa bosi na hesabu, machozi akayaacha nje. Akamwonesha zile siku za kutrendi zilileta wageni wangapi wa kulipa, na ndani ya siku chache baada ya komenti wameondoka wangapi. Akaomba wiki mbili. Akishindwa, ataondoka mwenyewe. Bosi akasonya, akakubali.

Video ya kwanza haikuwa na muziki. Ami kasimama karibu na yule jike, anaonesha kidonda kinavyosafishwa, anasema kwa mdomo wake kwamba huyu hatapandwa mpaka apone. Hakuna kujitetea wala "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza". Baada ya hapo, kila siku sekunde chache: leo kidonda kikoje. Watu walioingia kutukana wakaanza kurudi kuuliza hali ya mgonjwa.

Ya pili ilikuwa masharti. Farasi mmoja, mtu mmoja. Saa za jua kali hakuna kupanda. Na uzito, lile jambo ambalo wafanyabiashara wengi wanaogopa kulitaja wasimkere mteja. Kanuni inayotumika sana ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 400 mwisho wake ni kilo 80 hivi. Bosi aliona hiyo ni kufukuza wateja. Kumbe inboksi ikafurika: "Nina kilo 95, kuna farasi wa kunifaa?" Hilo ndilo swali la mtu anayetaka kulipa. Mwenye kilo nyingi alikuwa anaona aibu kuuliza, sasa kaulizwa yeye kwa heshima, na asiyepata wa kumbeba anapewa nafasi ya kutembea naye na kumwogesha.

Kisha akaanza kuposti maji. Pwani ile maji yakitoka yanakwenda mbali, yakijaa ufukwe unabaki ukanda mwembamba. Mgeni akifika saa isiyo yake anakuta hakuna pa kupita. Kila Jumapili binti anaweka saa za maji kujaa na kupwa za wiki nzima na muda unaofaa kupanda. Hiyo posti haina uzuri wowote, lakini watu wanaihifadhi na wanatumiana, hata wasiokuwa na habari na farasi.

Iliyoshangaza wote ni video ya farasi amelala chini ubavu, hajiwezi kwa usingizi. "Amekufa?" "Jamani mpeni maji!" Komenti mpaka basi! Ami akajibu kwa video nyingine: farasi anaweza kusinzia amesimama, ila usingizi mzito anaupata akilala chini, na halali chini mahali asipojisikia salama. Yaani kumkuta kalala vile maana yake anawaamini waliopo. Baada ya hapo watu wakaanza kuwaita farasi kwa majina yao, na wageni wakawa wanafika na jina la wanayemtaka.

Msidhani mambo yamenyooka yote. Laiki hazijafikia zile za staa, hata nusu. Mwongoza watalii mmoja karudi, mwingine bado. Bosi kila akiona ukurasa wa jirani unatrendi ananuna siku nzima. Lakini kalenda ya wiki ina majina, na wiki mbili alizoomba binti zimepita bila mtu kuzitaja. Yule jike kapona, hapandwi tena, anatembezwa na watoto wa shule jioni.

Na huko Lusewa, mama mtu kila simu ikipigwa anaanza na swali la jirani: "Hivi yule mgonjwa wenu anakula?" Kijiji kisicho na farasi hata mmoja kinafuatilia kidonda cha farasi wa Unguja.

Kimebaki kitu kimoja kinachobishaniwa pale zizini. Uso unaouza biashara sasa ni wa Ami, ila mshahara wake ni uleule wa zamani alipokuwa anaambiwa asogee pembeni. Binti kataka aongezwe, bosi anasema mzee ameajiriwa kutunza farasi, kuonekana kwenye video ni hiari yake.

Wadau, hapo nani yuko sahihi? Na ungekuwa wewe, zile komenti ungefuta? Tiririkeni hapo chini.