Kila Julai Wanaondoka

Tarehe 9 Julai 2023, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, ilianza uteuzi wake wa kila mwaka. Jina la kwanza kuitwa lilikuwa la Paul Skenes, mrushaji, akachukuliwa na Pittsburgh. La pili lilikuwa la Dylan Crews, mpigaji, akachukuliwa na Washington. Wote wawili walitoka LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, hapa Baton Rouge ninapoishi. Haikuwahi kutokea chuo kimoja kikatoa namba moja na namba mbili kwa mwaka mmoja. Uteuzi ulipofungwa, walioitwa kutoka kikosi kile walikuwa wamepita 10. Na kikosi chenyewe kilikuwa kimetwaa ubingwa wa taifa wiki mbili tu kabla.

Mpwa wangu wa Temeke, mwanamsimbazi wa damu, aliona picha nilizoweka WhatsApp akanipigia simu.

"Shikamoo anko. Naona mmeuza mastaa wote wawili. Mmevuta bei gani?"

"Marahaba. Hatujavuta kitu."

"Hata mia?"

Hata mia. Skenes alisaini kwa dola milioni 9.2 na Crews kwa milioni 9, fedha yote ikaingia mifukoni mwa vijana wenyewe. Chuo hakidai ada ya uhamisho wala asilimia ya mauzo ya baadaye. Mchezaji akimaliza mwaka wa tatu, au akifikisha miaka 21, ligi ina ruhusa ya kumwita, na kocha kazi yake ni kumpa mkono wa kwaheri. Mpwa alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa anko, mwakani mnacheza na nani?"

Swali hilo ndilo kila chuo hujiuliza kila Julai. Kilichobadilika katika miaka hii ni namna ya kulijibu, na mimi nimeyaona mabadiliko hayo nikiwa nimekaa kwenye viti vya uwanja wa Alex Box.

Besiboli sikuzaliwa nayo. Nilikuja huku kusoma, nikapata kazi, nikabaki. Mchezo nilifundishwa na jirani yangu, mzee mstaafu wa viwanda vya mafuta kando ya mto Mississippi, ambaye haendi uwanjani bila daftari lake la kurekodi na penseli mbili. Katika daftari hilo kila nafasi ina namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, wa besi ya kwanza ni 3, hadi 9. Mpira ukiokotwa na 6, akamrushia 4, naye akamrushia 3, mzee anaandika 6-4-3 na wapinzani wawili wametoka kwa mkupuo. Mpigaji akitolewa kwa straiki tatu anaandikiwa K. Ikiwa straiki ya mwisho ilimpita amesimama tu, gongo begani, K hiyo inaandikwa imegeuza mgongo. Ukishajua kusoma ukurasa mmoja wa mzee, unaweza kuicheza upya mechi nzima kichwani.

Daftari zake za zamani zinarudi hadi enzi za kocha Skip Bertman, aliyeipa LSU ubingwa wa taifa mara tano kati ya 1991 na 2000. Nilipewa nizipekue, na nilichokiona ni jinsi majina yalivyokuwa yakipanda ngazi. Kijana wa mwaka wa kwanza anaandikwa chini kabisa, namba 8 au 9 katika zamu ya kupiga. Mwaka wa pili yuko katikati. Wa tatu anapiga namba 3 au 4, mahali pa mtu anayeaminiwa. Kisha hayupo tena, na aliyekuwa nyuma yake amepanda. Mastaa waliondoka enzi hizo pia, ila mrithi alikuwa keshakaa ndani ya nyumba misimu miwili akiangalia.

Sheria zilisaidia. Kwa miaka mingi timu ya besiboli ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili wa masomo 11.7 tu, ukakatwakatwa vipande kwa wachezaji wasiozidi 27. Wazazi walijazia ada iliyobaki. Kwa LSU, mpango wa jimbo uitwao TOPS, unaowalipia ada wanafunzi wa Louisiana waliofaulu vizuri, uliwafanya vijana wa hapa hapa wawe nafuu kuwasajili. Na baadaye, aliyetaka kuhama kwenda chuo kingine cha daraja hilo alikaa nje mwaka mzima kabla ya kucheza. Watu wakatulia.

Aprili 2021 adhabu ya kukaa nje iliondolewa kwa anayehama mara ya kwanza. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo wachezaji wa vyuo wakaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwezi Juni, LSU ilimwajiri kocha Jay Johnson kutoka Arizona. Hakuwahi kuwa na msimu hata mmoja hapa chini ya kanuni za zamani.

Kwa hiyo hata ule ubingwa wa 2023 haukuwa wa watoto wa nyumbani peke yao. Crews aliletwa kutoka sekondari huko Florida, akakaa miaka mitatu kama majina ya kwenye daftari za zamani. Lakini Skenes alihamia kutoka chuo cha jeshi la anga, na mpigaji Tommy White kutoka North Carolina State. Juni 22, 2023, kwenye mashindano ya taifa huko Omaha, Skenes aliwazuia Wake Forest awamu 8 bila kuwaachia pointi, na mrushaji wao, Rhett Lowder, naye hakuiachia LSU pointi. Bao likabaki sifuri kwa sifuri hadi awamu ya 11, ndipo White akaupiga mpira nje ya uzio. Fainali dhidi ya Florida ilikuwa vituko: mechi ya pili LSU ilifungwa 24-4, kesho yake ikashinda 18-4 na kubeba kombe.

Pengo alilochimba Skenes linahitaji maelezo kidogo. Mashindano ya vyuo huchezwa wikiendi, mechi tatu Ijumaa hadi Jumapili, na mkono wa mrushaji anayeanza mechi unahitaji wiki nzima kupona. Mrushaji mkubwa wa Ijumaa akikosekana, wa Jumamosi anasogezwa mbele, wa Jumapili anachukua Jumamosi, na Jumapili inaachiwa mtoto. Skenes aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki katika msimu mmoja, akaivunja rekodi ya kanda yetu, SEC, ya 202 iliyowekwa na Ben McDonald mwaka 1989, naye wa LSU. Mwingine wa aina hiyo haokotwi njiani. Tena kocha wa warushaji, Wes Johnson, aliondoka kiangazi hicho hicho kwenda kuwa kocha mkuu Georgia.

Jay Johnson alifanya ambacho kila kocha sasa hufanya: aliingia sokoni. Luke Holman alitoka Alabama, Gage Jump akatoka UCLA. Ijumaa ikapata mtu, na Jumamosi ikapata mtu. Lakini wikiendi tano za kwanza za mechi za kanda mwaka 2024 zilikwenda vibaya, ushindi 3 na vipigo 12. Mzee jirani yangu alikuwa akiandika namba za jezi kwanza, kisha anainua macho kwenye ubao kutafuta jina. Alinung'unika kwamba zamani aliwajua hadi wazazi wa vijana, wanakaa mistari miwili nyuma yake, lakini hawa angewajuaje, ifikapo Juni wamekwenda.

Msimu ule haukuzama. Timu iliinuka ikamaliza ratiba ya kanda na ushindi 13 na vipigo 17. Kwenye mashindano ya kanda huko Hoover, Alabama, kinda wa mwaka wa kwanza, Steven Milam, aliupiga mpira nje ya uzio katika awamu ya 10 na kuitoa South Carolina kwa 12-11. Fainali wakafungwa 4-3 na Tennessee, ambao baadaye walikuwa mabingwa wa taifa. Wiki iliyofuata North Carolina wakawatoa katika hatua ya mtoano, 4-3 tena, kwa awamu 10.

Kisha Julai ikafika. White akaitwa, Holman akaitwa, Jump akaitwa. Holman na Jump walikuwa wamevaa jezi ya LSU msimu mmoja. Na kuna mlango wa pili wa hasara ambao mpwa wangu hakuuamini nilipomwambia: ligi huwachukua pia vijana wa sekondari waliokwisha kuahidi kuja chuoni. Konnor Griffin, kijana wa Mississippi aliyekuwa aje LSU, aliitwa namba 9, na waliomchukua ni walewale Pittsburgh. "Hao Pittsburgh wana ugomvi na nyinyi," mpwa alisema.

Katikati ya walioondoka, mtu mmoja hakwenda. Jared Jones, jitu la besi ya kwanza, alikuwa na haki ya kuchukuliwa Julai ile akiwa na mipira 28 aliyoipiga nje ya uzio msimu uliokwisha. Alirudi darasani. Milam naye alikuwepo. Derek Curiel, kinda wa California ambaye angeweza kwenda ligi kutoka sekondari, alichagua kuja chuoni. Kwa waliohamia, safari hii Johnson alichagua kwa jicho jingine. Anthony Eyanson alitoka UC San Diego, Daniel Dickinson Utah Valley, Luis Hernandez Indiana State, Zac Cowan chuo kidogo cha Wofford. Wengi wao hawakuwa na majina ya kujaza magazeti.

Mkulima wa muhogo hung'oa na kupanda kwa pamoja, kwa kuwa pingili za kupanda hukatwa kwenye shina lilelile aliloling'oa. Nilianza kukitazama kikosi cha 2025 kwa macho hayo. Chase Shores alikuwa mwanakikosi wa 2023, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko, akakosa msimu mzima wa 2024. Kade Anderson, mtoto wa Madisonville, Louisiana, alikuja chuoni naye ametoka kwenye upasuaji wa namna hiyo, akautumia mwaka wa kwanza kujijenga taratibu. Hao walikuwa ndani ya nyumba wakati sisi mashabiki tunahesabu wageni.

Juni 18, 2025, Omaha, LSU ilikuwa nyuma ya Arkansas 5-3 katika awamu ya 9. Hernandez, mgeni wa Indiana State, aliupiga mpira kuelekea kushoto, mlinzi akateleza, wawili wakaingia, 5-5. Akafuata Jones. Siku nne nyuma, dhidi ya Arkansas hao hao, alikuwa ametolewa kwa straiki mara tano katika mechi moja, kitu cha kumfanya mtu azime simu. Safari hii alikung'uta mpira ukagonga ncha ya glavu ya mlinzi ukapita, na Hernandez akakimbia kutoka besi ya pili kuimalizia mechi, 6-5. Sebuleni tulikuwa wengi na hakuna aliyeketi. Mgeni alisawazisha, aliyebaki akamaliza.

Fainali ilikuwa dhidi ya Coastal Carolina, waliokuja wameshinda mechi 26 mfululizo. Anderson alirusha mechi ya kwanza yote, awamu 9, mipira 130, akawaruhusu kupiga vizuri mara tatu tu: 1-0. Kesho yake Eyanson alianza, Shores akamaliza, 5-3. Ubingwa wa nane.

Mpwa alipiga, nikamwambia kabla hajauliza: ndiyo, wataondoka. Anderson aliitwa namba 3 na Seattle. Eyanson akaenda Boston, Shores akaenda Angels. Jones naye alichukuliwa, na nani? Pittsburgh.

Kinachonitia wasiwasi kuanzia hapo ni kanuni mpya. Tangu msimu wa 2025-26, kwa makubaliano ya mahakamani yaliyoidhinishwa Juni 2025, timu za vyuo vilivyoingia katika mpango huo zinaweza kumfadhili kila mchezaji kikamilifu, ila kikosi kisizidi watu 34. Kabla ya hapo kilifika 40. Mzazi wa kijana aliyepata nafasi atapumua, na anastahili. Lakini zile nafasi sita zilizokatwa ni za nani? Staa haguswi, wala mgeni aliyetafutwa kwa fedha haguswi. Atakayeguswa ni kijana wa mwaka wa kwanza mwenye mshono kwenye kiwiko, ambaye hana cha kuonyesha mpaka mwakani. Kocha mwenye viti 34 atafikiri mara mbili kumwekea kimoja mtu wa kusubiri, na ubingwa wa 2025 ulirushwa kwa sehemu kubwa na mikono ya waliosubiri.

Kwa hiyo sokoni nakutazama kama kila mtu, na majina mapya nayajifunza. Lakini Julai ikipita, orodha ninayoitafuta kwanza ni ya waliokuwa na mlango wazi wakabaki. Kiangazi cha 2025 Milam na Curiel wangeweza kuhama, na chuo gani kingewakataa? Wakabaki. Mwaka ambao orodha hiyo itakuwa tupu, hata tukisajili mastaa kumi, nitajua tumekodi timu.