Mbinu Inayojulikana Kabla ya Kuanza

Mchezo unaopendwa mno katika vyuo vikuu vya Marekani ni kandanda ya Kimarekani, ambayo mpira wake hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa mguu. Kila timu huwa na watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10, yaani meta 9 hivi. Ikishindwa, mpira huwa wa wapinzani. Kabla ya kila nafasi mchezo husimama, na upande wa mashambulizi huchagua mbinu: mpira ubebwe au urushwe, na nani, na kuelekea wapi. Upande wa pili nao huchagua mpango wa ulinzi: kila mlinzi amfuate mtu wake, au kila mmoja alinde eneo lake, au wengi wasogee mbele wamzonge mrushaji. Kwa hiyo kila hatua ni swali na jibu. Mimi ni mkufunzi wa Hisabati, na mchezo huu umenisaidia kulifikiri jambo linalonisumbua kila ninapokagua mazoezi ya kufundisha.

Tuchukue mechi iliyochezwa Pasadena, California, tarehe 4 Januari 2006, kati ya Chuo Kikuu cha Texas na Chuo Kikuu cha Southern California. Southern California walikwisha kushinda mechi 34 mfululizo, nao waliongoza kwa 38 dhidi ya 33 zikiwa zimesalia dakika mbili na kitu. Walikuwa katika nafasi ya nne, wakihitaji yadi 2 tu. Mpira akapewa LenDale White, mtu wa nguvu aliyekwisha kufunga mara tatu siku hiyo. Mwenzake Reggie Bush, ambaye mbio zake ziliwatia hofu walinzi wote, alikuwa amesimama nje ya uwanja. Kutokuwapo kwake kuliwapunguzia Texas mashaka. Hawakuwa na haja ya kugawana macho. Wakausonga mstari wa mbele, White akazuiwa. Texas wakaupata mpira, na zikiwa zimebaki sekunde 19 Vince Young akakimbia nao hadi kufunga. Mechi ikaisha kwa 41 dhidi ya 38. White hakuwa dhaifu, ila mbinu ilisomeka kabla haijaanza.

Sasa tutazame Glendale, Arizona, tarehe 1 Januari 2007. Boise State walicheza na Oklahoma, timu yenye sifa kubwa kuliko wao. Katika muda wa nyongeza Oklahoma walikuwa na pointi 42, na Boise State walikuwa wamefunga na kufikia 41. Kocha wao, Chris Petersen, angeweza kuagiza mpira upigwe kwa mguu apate pointi 1 ya sare. Akachagua kutafuta 2. Mrushaji Jared Zabransky akainua mkono wa kulia kana kwamba anarusha. Walinzi wakaufuata mkono ule. Kumbe mpira ulikuwa katika mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo, na Ian Johnson akauchukua akaingia nao upande wa pili. Boise State wakashinda kwa 43 dhidi ya 42. Mbinu ile ni ya zamani, nayo huitwa Sanamu ya Uhuru. Haikuzuliwa papo hapo, maana watu 11 hawawezi kufanya jambo la namna hiyo bila kulifanyia mazoezi.

Turudi darasani. Mwanachuo huandika ubaoni kichwa cha somo, "Kutoa", akafanya mifano miwili, kisha akatoa maswali kumi, yote ya kutoa. Mikono yote huwa juu. "Mmeelewa?" "Ndiyo, mwalimu!" Somo hupendeza kulitazama. Lakini kesho yake, ubao ukiwa mtupu, mwulize mtoto yule yule: "Juma ana maembe 12. Ana matano zaidi ya Asha. Asha ana maembe mangapi?" Mara nyingi hataanza kufikiri, bali atauliza: "Mwalimu, hii ni ya kujumlisha au ya kutoa?" Mtoto huyo hajazoea kulisoma swali, amezoea kumsoma mwalimu. Kama walinzi wa Texas, amekwisha kujua kinachokuja, na kwa hiyo hana haja ya kukitafakari.

Basi, ndugu wanachuo, nashauri mambo matatu. Changanyeni maswali ya leo na ya juma lililopita, bila kichwa cha kuyatambulisha. Ulizeni "Kwa nini?" hata jibu linapokuwa sahihi, ili neno hilo lisiwe ishara ya kosa. Tena andikeni katika andalio la somo makosa mnayoyatazamia, kwani anayetaka kuwa tofauti darasani huhitaji maandalizi makubwa zaidi, kama Petersen na vijana wake.

Baadhi yenu huniambia kwamba wakifanya hivyo mikono itakayoinuka itakuwa michache, na mkaguzi atawapunguzia alama. Hofu hiyo si ya bure, nami nimeijadili na wakufunzi wenzangu. Msimamo wangu ni kwamba kimya cha watoto wanaofikiri ni sehemu ya somo, nacho kistahili alama.

Mlinganisho huu una mpaka wake. Petersen alificha mpira ili walinzi washindwe; mwalimu huficha ishara ili mtoto aweze mwenyewe, naye mtoto asipoweza, aliyeshindwa ni mwalimu. Siku mtoto huyo atakapotumwa dukani na kurudishiwa chenji pungufu, hapatakuwa na ubao wa kumwambia kwamba hesabu hiyo ni ya kutoa.