Farasi 530 wa Kwenye Tangazo, na Tope la Chita

Wale mnaopenda magari mtanielewa haraka. Siku hizi ukifungua simu tu, mkoko wa umeme unakukodolea macho: mweusi tii, taa nyembamba kama kope za bibi harusi, na chini yake maandishi makubwa. Sifuri hadi mia kwa sekunde 3.8! Farasi 530! Kilomita 650 kwa chaji moja! Vijana wa Sinza na Kinondoni wamezikariri namba hizo kuliko walivyowahi kukariri jedwali la kuzidisha.

Aliyezidi ni mshikaji wangu mmoja wa Tabata, ambaye kwao ni Chita, kule Bonde la Kilombero. Ana kiwanja chake Chanika, anataka kukipiga bei, achanganye na vijisenti vya mkopo wa kazini, avute chuma cha aina hiyo. Hoja yake ni moja na anaitoa kifua mbele: "Kila mwaka naenda nyumbani mara tatu kumwona mama na kufuata mchele. Chita ni kama kilomita 520. Gari linakwenda 650. Naondoka alfajiri, sisimami popote, na chenji inabaki."

Kwa kuwa nilikuwa na safari yangu ya pande hizo, nikamwambia asiongee na dalali kwanza, anipe wiki moja.

Chuma kinachomnyima usingizi ni BYD Seal, ile ya mota mbili. Betri yake ni ya uniti 82.5, uniti hizi hizi unazonunua za LUKU. Sasa sikiliza kituko. Gari hilo hilo, betri hiyo hiyo, China linatangazwa kilomita 650, likifika Ulaya linatangazwa 520. Kilomita 130 zimepotelea baharini! Hakuna aliyedanganya, ila kila upande una mtihani wake. Mtihani wa China, unaoitwa CLTC, mwendo wake wa wastani ni kama kilomita 29 kwa saa. Wa Ulaya, WLTP, wastani ni kama 46. Yote miwili hufanyika ndani ya jengo, gari liko juu ya magurudumu ya chuma, halina abiria wa nyuma wala gunia la mchele, na kiyoyozi kimezimwa. Halafu wewe mwenzangu unalitoa nje, unapanda na familia, kiyoyozi mpaka mwisho kwa joto la Februari, unashika 110.

Hapo ndipo kasheshe linapoanza. Mwendo ukitoka 60 kwenda 120, upepo unaousukuma kwa kifua cha gari unakuwa mzito mara nne. Gari la petroli nalo linaumia, lakini wewe huoni kwa sababu tumeshazoea kwamba petroli inakwisha na sheli zipo kila kona. Kwa la umeme mambo yamegeuzwa kichwa chini: foleni ya Ubungo, mahali ambapo gari la petroli linakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi, ndipo lenyewe linapokaribia namba za tangazo. Likisimama halili sana, likifunga breki linarudisha umeme kidogo kwenye betri. Barabara kuu iliyonyooka ndiyo adui yake.

Basi piga hesabu ya kikubwa. Gari zito la farasi wengi, la tani mbili na ushei, ukiliendesha kwa kasi ya barabara kuu weka uniti 20 hadi 22 kwa kila kilomita 100. Uniti 82.5 zitakupeleka kama kilomita 375 hadi 410. Hesabu hiyo niliibeba mfukoni safari nzima, kila tukipita mji naangalia mwenzetu angekuwa wapi.

Mimi nilianza na umeme wa serikali. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na hiki ndicho chombo cha umeme ambacho Mbongo wa kawaida anaweza kukipanda bila kuuza kiwanja. Kimeundwa kwa mwendo wa 160. Nacho kina vituko vyake: mwaka huo huo TRC iliwahi kutangaza kwamba treni imekwama kwa hitilafu ya umeme, na waliotajwa kuhusika ni ngedere na bundi. Lakini chombo hiki hakihangaiki na betri, waya uko juu ya kichwa chake mwanzo wa safari hadi mwisho.

Morogoro nikashika basi la Ifakara. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara inakatiza kama kilomita 50, mwendo una kikomo kwa ajili ya wanyama, na ukimgonga mnyama unalipa. Hapo, kusema haki, Seal ya mshikaji ingepumzika kidogo, maana pole pole ndiyo dawa yake. Mikumi mjini kona kushoto, mteremko kuelekea Kidatu, upande huu mto Ruaha Mkuu na kituo cha umeme cha Kidatu cha megawati 204, mbele yako miwa ya Kilombero mpaka macho yanachoka. Hapo Kidatu tayari ni kama kilomita 350 kutoka Dar. Kwa hesabu yangu ya mfukoni, dereva wa Seal kashaanza kuzima redio na kiyoyozi. Mang'ula, langoni kwa Milima ya Udzungwa, jasho linamtoka. Ifakara anaweza akaiona, anaweza asiione.

Lami sasa inafika Ifakara, na wenyeji wanaringa nayo kweli. Nilikula pale wali wa Kilombero na perege wa nazi, na sitasema zaidi maana wa Dar mnaodanganywa na mchele wa kuchanganya mtanichukia. Ila kutoka Ifakara kwenda Chita bado ni zaidi ya kilomita 90, unapita Mbingu na Mngeta, reli ya TAZARA ikiwa jirani yako karibu muda wote. Kulia Udzungwa imesimama kama ukuta, kushoto bonde limelala tambarare na mpunga wake. Sehemu kubwa ya njia hii ni udongo, na udongo wa Kilombero ukilowa hauna utani.

Tulikuwa kwenye Land Cruiser ya zamani, abiria tumepangwa kama dagaa. Dereva, mzee wa makamo mwenye kofia ya Simba, nilimwonyesha picha ya Seal kwenye simu. Akaitazama sana.

"Kaka, tumbo lake liko juu kiasi gani?"

Nikamwambia sentimita 12.

Akapima kwa vidole vyake hewani, akacheka mpaka akakohoa. "Hilo gari halitakwama kwenye tope, kaka. Litakwama kwenye tuta!"

Mbele ya Mngeta tulipata darasa la bure. Fuso la mpunga limezama, na lori jingine nyuma yake limeingia mtaroni likijaribu kulikwepa. Mara ikatokea pawatila, ile mashine ya kulimia ya magurudumu mawili, imefungiwa tela lenye magunia, kijana amekaa juu anapiga mluzi. Pawatila ya kawaida ina farasi 15 hivi. Ikapita pembeni ta-ta-ta-ta, ikaingia kwenye tope, ikatoka upande wa pili, kijana hata hakugeuka.

Farasi ni kipimo cha kazi ndani ya muda, yaani haraka kiasi gani mashine inaweza kufanya kazi fulani. Hakikuambii kama tairi litashika. Pawatila ina gia nzito na tairi lenye meno linalong'ata udongo, haina haraka. Seal ina farasi 530 na tairi laini la lami. Ukikanyaga kwenye tope, farasi wote 530 wanakwenda kuzungusha mpira mahali pamoja, na tani mbili za gari zinajichimbia kaburi.

Na hao farasi wenyewe, je, wapo kweli? Hapa wenzetu wa Ulaya walishafikishana mahakamani. Mwaka 2014 Tesla walitoa Model S P85D wakaitangaza kuwa na farasi 691. Matajiri wa Norway wakanunua, wakapima, wakaona hawafiki. Septemba 2015 kampuni ikaeleza: zile 691 ni jumla ya uwezo wa mota ya mbele na ya nyuma, kila moja ikihesabiwa peke yake. Betri haina umeme wa kuzilisha zote kwa pamoja. Namba iliyokuja kutajwa baadaye ni farasi 463. Ni sawa na mtu anayekuambia ana sufuria mbili za kilo kumi kumi, kwa hiyo ana wali wa kilo ishirini, kumbe mchele ni kilo kumi na tatu! Wanorway 126 walikwenda kudai haki yao, na Desemba 2016 yakamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Wakorea nao hawakulala. Januari 2023 tume yao ya biashara ya haki iliitoza Tesla faini ya won bilioni 2.85 kwa kutowaambia wateja kwamba kwenye baridi kilomita zinapungua sana. Na mwaka 2025 ikawa zamu ya Xiaomi, hawa hawa wa simu. Gari lao la SU7 Ultra linatangazwa kuwa na farasi 1,548. Mwezi Mei wakatuma programu mpya kwenye magari yaliyokwisha kuuzwa, nguvu ikashushwa hadi kama farasi 900, mpaka dereva athibitishe umahiri wake kwenye uwanja wa mashindano. Fikiria umelala na gari la farasi 1,548, unaamka farasi 600 na ushei wametoroka zizini usiku! Wenye magari walikuja juu, kampuni ikarudisha mambo yalivyokuwa.

Hata wanapokuwepo wote, farasi hao ni wa sekunde chache. Betri ikishuka chini ya robo, au ikipata joto kali, kompyuta ya gari inawafunga yenyewe ili betri isiungue. Zile sekunde 3.8 ni za betri iliyojaa na iliyoandaliwa, na baadhi ya kampuni wanaanza kuhesabu muda gari likiwa limeshatembea futi moja. Futi moja ni kitu kidogo, lakini inakata kama robo ya sekunde.

Chita yenyewe wengi mnaisikia kwa ajili ya JKT na mashamba yake ya mpunga. Ni kijiji kilichoegemea mlima, kina joto, kina maji yanayoshuka kila upande, na jioni milima inageuka zambarau utadhani imepigwa rangi. Ukisonga mbele kidogo kuelekea Mlimba unafika Kihansi, kituo cha umeme cha megawati 180. Maji yanaporomoshwa kutoka juu, kimo cha zaidi ya mita 800, yanazungusha mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja. Umeme wake ulianza kuingia gridi ya taifa miaka ya 1999 na 2000. Umesababisha na msiba: chura mdogo wa Kihansi, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, ambaye aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko hayo, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Walionusurika walikuwa Marekani, kwenye bustani za wanyama, wakaanza kurudishwa nyumbani 2010.

Nilikaa hapo nikapiga hesabu nyingine ya kijinga. SU7 Ultra moja, ikikanyagwa mpaka mwisho, inakula megawati 1.1 na kitu. Maana yake Kihansi nzima, mitambo yote mitatu ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, ingeweza kuyalisha magari kama 158 tu yakikanyaga kwa pamoja. Na kiangazi maji yakipungua, hata hiyo 180 inabaki kwenye maandishi. Kumbe si magari peke yake! TAZARA inayopita hapo mlangoni ilijengwa na kukabidhiwa 1976 ikiwa na uwezo wa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka, na hadi leo haijawahi kuzifikisha.

Sasa tuseme mshikaji wangu amefika. Amechaji Morogoro, amekokotwa Mngeta, lakini amefika kwa mama, betri tupu, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Anatafuta soketi. Ya ukutani inatoa chini kidogo ya uniti 3 kwa saa. Kujaza uniti 82.5 ni saa 27 na zaidi, umeme usikatike hata mara moja, na muda wote huo waya wa nyumba umebeba mzigo ambao fundi aliyeuweka hakuuota. Kwa mjini hesabu ni tamu: elfu kumi unapata uniti 28, kwa hiyo betri nzima ni kama elfu thelathini, na kilomita 100 ni kama elfu saba. Linganisha mwenyewe na petroli kwa bei ya EWURA ya mwezi huu uone. Kwa safari za kazini, Tabata na Posta, kila usiku unachaji nyumbani, mimi sina neno.

Lakini kwa mama ni hadithi nyingine. Wengi vijijini wako kwenye kundi la matumizi madogo, uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambalo uniti moja ni shilingi mia na ushei. Zikizidi hapo, kila uniti ya juu inalipiwa zaidi ya mara tatu. Mama ana taa nne, redio na kijokofu kidogo cha kuuzia barafu. Chaji moja ya farasi wa mwanaye ni uniti 82.5.