Kijia cha Kando ya Michongoma

Mbwa wetu wa kwanza, Simba, hakuletwa nyumbani apendwe. Aliletwa aogopwe. Mchana alifungiwa bandani, usiku akaachiwa, na sisi watoto tulikatazwa kumzoea, maana Moshi ya miaka ya themanini iliamini kwamba mbwa aliyezoea watu hakamati mwizi. Walikuwapo majirani waliowatilia mbwa wao pilipili kwenye ugali ili wawe wakali. Baba hakufika huko, ila dagaa na mifupa ya buchani Simba alivila peke yake, bila mtu wa kumsemesha. Alikuwa German shepherd, mgongo mweusi, miguu ya kahawia, masikio wima. Mtaani walimwita mbwa wa polisi, basi.

Usiku hakulala getini kama tulivyotarajia. Alizunguka kandokando ya ua wa michongoma, akienda na kurudi, mpaka nyasi zikafa pakabaki kijia kitupu. Baba akijisifu: mwaona anavyolinda!

Ukubwani nilikuja kusoma habari za mababu wa Simba. Wachungaji wa Ujerumani walilisha kondoo kwenye vipande vya nyasi visivyo na uzio, pembeni kabisa mwa mashamba ya watu, na mbwa ndiye aliyekuwa uzio: kutwa anapita mpakani, kondoo wasivuke kwenye mazao. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alimnunua mmoja wa mbwa hao, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akamwandika wa kwanza katika daftari la ukoo. Upolisi ulifuata baadaye. Kumbe miaka yote ile Simba alikuwa anachunga, na kondoo wenyewe ni sisi.

Mama alilijua hilo bila kitabu. Siku moja banda liliachwa wazi mchana, na mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, akashika njia ya barabarani. Simba akamkingia kwa ubavu, akamsukuma taratibu, akamrudisha hadi barazani huku mtoto analia kwa hasira. Tangu hapo banda halikufungwa tena mchana, isipokuwa jirani yetu Mwislamu alipokuja kumsalimia mama. Angeita toka nje: “Shoga, mfungie mnyama wako, nina udhu!” Simba akafungwa, chai ikanywewa, akafunguliwa.

Homa ya kupe ilimchukua Simba. Aliyefuata, Sheba, alilala ndani, na aliyemruhusu ni baba yuleyule, sasa mstaafu. Manyoya yake yalikuwa kwenye makochi, kwenye vitenge vya mama vya kanisani, hata kwenye mchuzi. Kila mwaka alichanjwa kichaa cha mbwa, kila wiki alikaguliwa kupe masikioni na katikati ya vidole, kazi ambayo baba hakumwachia mtu. Alimsemesha Kichaga, lugha ambayo sisi wanawe tuliisikia kwake kwa nadra.

Alipotimiza miaka saba, ngazi za barazani zikaanza kumshinda. Daktari wa mifugo akasema ni nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake. Ni ugonjwa wa kurithi, na uzito huuzidisha. Baba akampunguzia chakula, akampigilia mbao juu ya ngazi apande bila kuruka. Mimi tangu hapo siwapendi wale mbwa wa maonyesho wenye migongo iliyoshuka nyuma, hata wapewe vikombe vingapi.

Sheba alipotutoka, nilimpeleka baba Arusha kutafuta mtoto wa mbwa. Muuzaji akatusifia ukali wa dume lake: juzi limemrarua mtu suruali. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nyonga za wazazi zimepigwa picha. Muuzaji akacheka. “Mzee wangu, kwani unatafuta mbwa au unasajili mchezaji wa Taifa Stars?”

Baba akavaa kofia yake. “Twende, mwanangu.” Bado tunatafuta.