Dhahabu ya Kilwa Niliyoikuta Lisbon

Nilipotoka eda watu walidhani nimepoa. Nilikuwa napika, naitikia salamu, naenda kazini. Lakini kukaa peke yangu sikuweza. Jua likizama moyo ulinienda mbio, na bila dada yangu sikufika hata dukani.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa historia. Sisi ni watu wa Kilwa, na kila alipofundisha habari za Wareno alirudi nyumbani akinisimulia chombo kimoja cha dhahabu kilichowekwa Lisbon. Alikuwa akiniahidi kuwa tutakwenda wote kukiona. Basi kazi iliponipeleka Ureno mkutanoni, na siku ya mwisho ikawa ya mapumziko, nililia chumbani, nikanawa uso, nikajitanda mtandio, nikatoka.

Lisbon ni mji wa vilima. Huko Alfama vichochoro vimebanana, ngazi hazikomi, nguo zimeanikwa madirishani, na mawe ya njiani yanateleza kwa kukanyagwa miaka mingi. Nilipotea. Kifua kikanibana nikaegemea ukuta, nikisoma kila dua niliyoijua. Pumzi iliporudi niliamua kufuata mteremko tu, popote utakaponifikisha.

Ulinifikisha kwenye kanisa la São Domingos. Liliungua mwaka 1959, na lilipofunguliwa tena mwaka 1994 nguzo zilizopasuka kwa moto ziliachwa na makovu yake, watu wanasali katikati yake. Mimi Mwislamu nilisimama mlangoni nikiziangalia kwa muda mrefu. Nje, uwanjani, hukutana Waafrika, wengi wao wa Guinea-Bissau. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kokwa za kola aliniona nilivyo, akasema, "Salaam aleikum," akanisogezea nafasi. Maneno mengine hatukuwa nayo. Nilikaa naye mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Mungu amlipe kheri.

Kutoka hapo nilikwenda peke yangu mpaka Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Nikakiona.

Kinapita nusu mita kwa kimo, dhahabu tupu na nakshi za rangi, na ndani yake mitume 12 wadogo wamepiga magoti. Kilitengenezwa kwa ajili ya kuonyeshea Ekaristi, kikakamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Dhahabu yake ni kodi ambayo Vasco da Gama aliitoza Kilwa mwaka 1502, mizinga ikiwa imeelekezwa mjini kwa mtawala wake, Amiri Ibrahim. Kodi ile haikuuokoa mji: mwaka 1505 Wareno walirudi wakiongozwa na Francisco de Almeida, wakauteka na kuupora.

Ni kizuri mno, na uzuri wake uliniuma. Nilianza kumweleza mume wangu kila kitu, kwa sauti, kwa Kiswahili: magoti ya mitume, mabawa ya malaika, hasira yangu. Mlinzi aligeuka kunitazama, sikunyamaza. Jioni niliingia mkahawani, nikaagiza samaki wa kuchoma, nikala mpaka nikashiba.

Niliporudi Kilwa niliomba kipindi kimoja katika shule aliyofundisha. Nilikwenda bila dada yangu, nikachora chombo kile ubaoni. Msichana mmoja akauliza kwa nini dhahabu yetu bado iko kule. Tulilijadili swali lake mpaka kengele ikalia, na mwalimu mkuu akaniomba nije tena wiki inayofuata.